Jina kwenye Roketi ya Nane

Tajudini alifungua bahasha Alhamisi asubuhi, amesimama mbele ya jiriwa yake, mikono imeoshwa kwa sabuni ya unga hadi kwenye viwiko. Hiyo ndiyo kazi pekee kwa mwaka mzima aliyoifanya kwa mikono safi. Akatoa kikaratasi, akakisoma, akakigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, hakukuwa na kitu, akakisoma tena. Jina la mtu halikuwemo. Kulikuwa na neno moja tu kwa herufi kubwa: HAKUNA. Na chini yake, kwa kalamu ya buluu: “Kamati imeomba liandikwe kwa Kiswahili, kwa heshima ya lugha ya mgombea.”

Heshima! Kuna watu wakikutemea mate hukupa na kitambaa cha kujifutia, halafu wanasubiri uwashukuru kwa kitambaa.

Wenye bahasha walikuwa Klabu ya Kesho. Ni wapenzi wa hadithi za mambo yajayo, zile za mashine zinazofikiri na watu wanaohamia nyota nyingine: mawakili, watumishi wa wizara, walimu, wanafunzi wa chuo wenye baba wakubwa. Kila mwezi walikutana Kigobe barazani kwa mwenyekiti wao, Népomuscène, wakibishana kwa Kifaransa juu ya mwendo wa nuru. Na mara moja kwa mwaka walikodi ukumbi wa harusi kule Kibenga, wakavaa mavazi ya sayari za mbali na kumtunuku mwandishi bora wa mwaka. Tuzo yenyewe iliitwa Roketi. Tajudini, fundi wa kuchomelea wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ndiye aliyeitengeneza tangu mwaka wa kwanza, kwa bomba la moshi la pikipiki lililosuguliwa hadi unajiona sura, likasimamishwa juu ya kigogo chenye kibati cha shaba ya njano.

Sasa, kwa watu hawa matokeo hayasomwi kwenye karatasi. Walikuwa na desturi yao wenyewe na waliionea fahari kubwa. Katibu, bibi mmoja mpole aitwaye Irène, alihesabu kura peke yake, akaandika jina, akalitia kwenye bahasha, akampelekea fundi. Fundi akalichonga kwenye kibati, akaifunga Roketi ndani ya kitambaa. Siku ya mkutano mwenyekiti aliifungua mbele ya watu na kusoma kilichochongwa. “Chuma ndiyo inasema,” walikuwa wakisema, na wakapiga makofi hata kabla hakijasema. Kwa hiyo kila mwaka Tajudini aliweka mkono juu ya fuawe mbele ya Irène na kuapa mambo mawili: hatamwambia mtu, na ataandika alichopewa. Miaka saba, majina saba, wala hajakosea hata nukta.

Mwaka huu wa nane mgombea alikuwa binti yake.

Mwavita alikuwa na miaka ishirini na sita, anauza dawa kwenye duka moja Nyakabiga, na kwenye saa za mteja hayupo alikuwa ameandika hadithi ndefu ndani ya madaftari manne. Aliiita Fundi Aliyechomelea Mwezi. Mwezi umepata ufa, mataifa makubwa yameshindwa, na anayepanda kwenda kuuziba ni mchomeleaji wa Buyenzi na mitungi yake miwili ya gesi. Aliiandika kwa Kiswahili, ya kwanza kwa Kiswahili tangu klabu ianze, na alimsomea baba yake sura kwa sura pale karakana, akipandisha sauti kushinda nyundo. Tajudini hakusoma vitabu. Lakini siku aliposomewa mchomeleaji yule anaitazama Buyenzi kutoka juu na kuona paa la nyumba yake, alizima mashine na kujifanya anatafuta bisibisi, maana machozi yalikuwa yanamtoka.

Wagombea walikuwa watatu. Wiki mbili kabla ya mkutano, wale wawili wengine wakajitoa. Walikuja hadi dukani kumkumbatia Mwavita. “Tunakuachia, dada. We ndiyo unastahili.” Walimvika kilemba cha ukoka na akakivaa kwa furaha, kwani nani amewahi kusikia mtu akimbie peke yake ashindwe? Wala Mwavita hakujua, wala baba yake hakujua, kwamba ndani ya sheria za klabu, walizonakili kutoka kwa vyama vya nje bila hata kubadilisha koma, kulikuwa na kifungu kimoja ambacho hakijawahi kutumiwa: wanachama wakiona hakuna anayestahili, wanaweza kupiga kura kwamba asipewe mtu.

Sasa Tajudini akaelewa kwa nini Irène alipoleta bahasha hakukaa hata kunywa chai, na kwa nini alimwapisha huku anatazama ndoo.

Adhuhuri Mwavita alipita na sahani ya wali na maharage. Karakana ilikuwa na kioo cha pembeni cha Toyota kilichotundikwa ukutani, na wiki nzima alikuwa akijifunzia hotuba yake mbele yake. Leo pia alijitazama, akarekebisha mtandio.

“Baba, umeshaandika?”

“Bado.”

“Mi sikuulize ni jina ya nani. Nauliza tu, herufi zitaingia zote? Mwavita Tajudini ni ndefu.” Akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja kama aliyetoa siri.

Tajudini alimtazama. Mkewe Mwantum alikuwa ameshashona nguo mbili za kitenge, ya mama na ya mwana. Mashangazi wa Mwavita walikuwa wameshafika kutoka Rumonge na kuku wao. Na mtoto amesimama mbele yake anauliza kama herufi zitaingia.

“Zitaingia,” alisema.

Ndivyo alivyoamua, bila hata kujua kwamba ameamua. Alipobaki peke yake alijipa sababu, na sababu mtu akizitafuta hazikosi. Aliyehesabu kura ni Irène peke yake, na kamati haitapenda kuonekana ilijua kabla chuma hakijasema. Irène ni mama wa watu, mpole, anampenda Mwavita. Mwenyekiti atasoma shaba, watu watapiga makofi, na nani basi atasimama mbele ya watu mia mbili amnyang'anye mtoto wa mwenzake zawadi mkononi, kisa ampe hewa? Neno likishatoka limetoka. Akakitupa kikaratasi kwenye jiko la mkaa. Akashika tindo na nyundo, akachonga MWAVITA TAJUDINI, na herufi ziliingia zote, nafasi ikabaki pande mbili sawasawa.

Jumamosi ukumbi wa Kibenga ulijaa. Kulikuwa na vichwa vya karatasi ya fedha, mabawa ya waya, wakili mzima kavaa beseni la plastiki kichwani na taa juu yake, na mwalimu mmoja kajipaka rangi ya kijani hadi masikioni, jasho linamchora mistari. Tajudini aliwapenda watu hawa siku hiyo ya mwaka. Waliomdharau mitaani walimsalimu hapa, “Mzee wa Roketi!”, na yeye aliitikia kwa kuinua kofia. Leo walimsalimu pia, ila walicheka mapema mno. Na alipokaa na Mwantum na mashangazi safu ya tatu, aliona kitu kilichomshangaza: hotuba ya kwanza haijaisha, watu wameshatoa simu, na simu zote zimeelekezwa kwa Mwavita. Hazikuelekezwa jukwaani. Alidhani wanamheshimu.

Népomuscène alipanda jukwaani na joho jeusi lenye nyota za kubandika. Mtu mrefu, sauti nzuri, mwenye kupenda kuisikia.

“Mesdames na messieurs, chuma ndiyo inasema.”

Akafungua kitambaa taratibu, kona baada ya kona, tabasamu limeshawekwa tayari mdomoni. Akainama kusoma. Tabasamu likabaki pale pale likiwa halina kazi. Akatafuta miwani, akaivaa, akasoma tena.

“Hapa imeandikwa,” alisema, “Mwavita Tajudini.”

Hakupiga makofi mtu. Vigelegele vya Mwantum ndivyo pekee vilivyopanda, vikaenda hadi mwisho wa ukumbi, na vikafia huko. Mwavita alikuwa ameshasimama, ameshapita kati ya viti, ameshafika jukwaani na kukunjua karatasi yake. Akasema, “Ndugu zangu, mi nilizaliwa mu karakana,” na hapo yule wakili wa beseni akapiga ukelele:

“Apana! Haiwezekani! Sote tulipiga Hakuna!”

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Tajudini ndipo alipokiona alichokuwa hajakihesabu. Aliwaza juu ya katibu, akawaza juu ya mwenyekiti, akawasahau wapiga kura. Kila mwanachama pale ndani alijua alichoandika kwenye karatasi yake, na alijua alichoandika jirani, maana walikuwa wamepatana kwenye simu zao, karibu kundi zima, kuanzia wale wawili waliojitoa. Hawakuja kusikia matokeo. Walikuja kuona sura ya binti wa Buyenzi chuma kinapomwambia hakuna, na walitaka kuibeba sura hiyo kwenye simu waende nayo nyumbani.

“Irène!” Népomuscène aliita.

Irène akasimama. Tajudini alimtazama kwa macho yote aliyokuwa nayo. Alimwomba Mungu amfunge mama yule ulimi kwa dakika moja tu.

“Mi nilipeleka karatasi kwa Mzee Tajudini,” Irène alisema, huku anakitazama kiti kilicho mbele yake. “Ilikuwa inasema Hakuna. Sitini na tatu walipiga Hakuna. Batano walipigia Mwavita.”

Mwavita alikuwa bado ameshika karatasi yake ya hotuba. Aliangalia Roketi, akaangalia kibati. Mwandiko ule aliujua tangu utotoni, ulikuwa kwenye kila lango la Buyenzi. Hakugeuka kumtazama baba yake, na Tajudini angetoa jicho moja ili ageuke.

“Mademoiselle,” Népomuscène alisema, na sauti ilikuwa imepata raha upya, “karakana ya baba yako iko nyumbani kwenu?”

“Ndiyo.”

“Bahasha ilifika kwenu?”

“Mi sikuiona bahasha.”

“Kwa hiyo shaba ilijiandika yenyewe. Ça alors, hiyo ndiyo science-fiction!” Akasubiri kicheko kipite. Kisha akatoa nakala ya hadithi ya Mwavita, iliyopigwa chapa, akafunua ukurasa aliokuwa ameukunja kona. Alikuwa ameuandaa kwa mzaha mwingine, sasa akapata ulio bora zaidi. “Nisome? ‘Fundi anaweza kumdanganya mke wake, anaweza kumdanganya hata imamu, lakini hawezi kudanganya kwenye chuma cha mtu.’ Ni we uliandika hii?”

“Ni mimi.”

“Vizuri sana.”

Tajudini alisimama hata kiti kikaanguka. “Ni mimi! Mi ndiyo nilichonga! Mutoto hajui kitu, wallahi hajui kitu!”

“Mzee muzuri,” mtu alisema nyuma, “anamubebea mutoto mzigo.” Na mwingine, kwa sauti ya mtu aliyethibitishiwa jambo: “Si niliwaambia? Baswahili.”

Mgeni wa mji anaweza kudhani neno hilo linahusu lugha. Likisemwa kwa sauti ile linamaanisha laghai, mtu wa mikono mirefu, usimwachie kitu. Tajudini alikuwa amelikwepa miaka thelathini na nane ya ufundi. Alirudisha hadi skrubu iliyobaki. Mteja akisahau kipande cha bati, alikitunza mwaka mzima kimeandikwa jina lake. Walimwita majina mengine, lakini hilo hawakuwa na pa kulishikia, na leo amewapelekea mwenyewe, limesuguliwa, limefungwa kitambaa.

Mwantum alimshika Mwavita mkono wakatoka. Mlangoni kijana mmoja akawafuata, mwanafunzi mwembamba aitwaye Bonfils, amevua kofia yake ya karatasi ya fedha. Alikuwa amewahi kufika dukani Nyakabiga kununua dawa ya kikohozi ambayo hakuihitaji, ili aulize mchomeleaji alirudije kutoka mwezini.

“Mwavita. Mi nilikuwa mu wale batano.”

“Asante, Bonfils.”

“Apana, usiniambie asante. Niligombana na rafiki zangu juu yako.” Akaikunja ile kofia ya karatasi. “Leo wananicheka, na wako na haki.”

Akarudi ndani.

Jumatatu asubuhi Irène alileta Roketi karakanani, imefungwa kwenye kitambaa kile kile, na barua. Mwavita ameondolewa kwenye daftari la wanachama. Hadithi yake imeondolewa kwenye maktaba ya klabu. Fundi arekebishe kibati kama alivyoagizwa, kwa kuwa matokeo ya mwaka wa nane lazima yawekwe kabatini pamoja na mengine. Irène aliisoma barua yote kwa sauti, kwa sababu ndivyo alivyotumwa, kisha akalia. Mwantum alimtazama akilia bila kumpa hata kigoda. Alipoondoka, Mwantum alimgeukia mumewe.

“Mchelea mwana kulia,” alisema, na hakumalizia. Akaingia ndani kuwafungia mashangazi mizigo.

Mwavita hakwenda kazini siku hiyo. Video ilikuwa imeshafika Nyakabiga kabla yake, na mwenye duka alimwomba apumzike kidogo, maana dawa ni kitu cha kuaminiana. Aliichukua Roketi, akaibana kwenye jiriwa mwenyewe, kibati kikitazama juu.

“Rekebisha, Baba.”

“Nitachonga kingine. Hiki we utabaki nacho.”

“Apana. Hiki hiki. Ufute.”

“Mwavita, mwanangu, mi nilitaka usiumie.”

Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, na macho yake yalikuwa makavu. Tajudini alikuwa amejiandaa kwa kilio na kwa matusi. Kwa macho makavu hakuwa amejiandaa.

“Walikuwa batano, Baba,” alisema. “Kama chuma ingesema Hakuna, ningelia pale, wangenichukua video, ningerudi nyumbani. Halafu Bonfils angenifuata pale mlangoni aniambie yeye ni wa wale batano. Na ningekuwa natafuta wale bane wengine, mumoja mumoja. Mutu akiwa na wasomaji batano anaandika kitabu kingine. Mi ningeandika.” Akafuta kibati kwa ncha ya mtandio, ingawa kilikuwa safi. “Sasa sina hata mumoja. Yule mumoja niliyebaki naye ni we, na we ndiyo ulifanya hii.”

Tajudini alivaa miwani yake ya kazi. Akawasha mashine ya kusaga.

Alianza na herufi ya mwisho. Jina lake mwenyewe lilitoka haraka, na hilo halikumuuma. Alipofika kwenye jina la Mwavita akainua mashine kabla haijagusa shaba, ikabidi binti yake amshike kifundo na kukishusha, kama yeye alivyomshika wakati anamfundisha kuandika. Hilo jina alilitoa yeye mwenyewe siku ya saba, mbuzi amechinjwa, majirani wamejaa uani, mtoto amelala kwenye viganja vyake hivi hivi. Sasa likawa vumbi la njano, likaanguka juu ya mikono yake na juu ya kigogo na juu ya sakafu. Shaba ikabaki tupu.

Kisha akachukua tindo. Aliandika HAKUNA. Mwavita alisimama kando hadi herufi ya mwisho, akapitisha kidole juu yake kuona kama kuna mahali pakali, kama alivyofanya miaka yote akiwa mdogo.

“Iko sawa,” alisema. “Umeandika vizuri.”

Akaifunga Roketi ndani ya kitambaa, akaitia kwapani, na akaondoka nayo kwa miguu kuelekea Kigobe kwa mwenyekiti, katikati ya barabara ya watu waliomjua wote, wala hakukubali apelekwe na mtu. Adhana ya adhuhuri ilipolia, Tajudini alikuwa bado amekaa mbele ya jiriwa. Jirani alimwita mara mbili waende msikitini. Hakwenda, kwa sababu kabla ya kuswali ingembidi aoshe mikono, na lile vumbi la njano lilikuwa jina la mwanawe.